Kuichungulia Bahari Kutoka Korogwe

Wadogo zangu wa Kidato cha Pili, kaeni vizuri, mstaafu anaongea.

Ndiyo, mstaafu. Nina miaka kumi na saba, nina chunusi mbili kwenye paji la uso, na kuanzia Ijumaa mimi siyo tena Mtazama Bahari Mkuu wa klabu yetu, kwa sababu mtihani wa taifa umefika mlangoni na Madam Kijazi kaninyang'anya kiti. Wastaafu wengine hupewa mabati na cherehani. Mimi nimepewa soda, na hiyo soda mwenzangu Saning'o kainywa nusu.

Hotuba siwezi. Mnanijua, nikiitwa mbele ya darasa shingo inaingia ndani kama ya kobe. Kwa hiyo nawaandikia, na mtanisamehe nikiruka huku na kule, maana kila nikikumbuka jambo nacheka peke yangu na wenzangu bwenini wanaanza kuniangalia vibaya.

Kazi mnayorithi ni hii. Iko setilaiti inayopita juu ya pwani ya Pangani kila baada ya siku chache, saa nne na kitu asubuhi. Haichelewi, haigomi, haisemi imepata pancha. Inapiga picha na kuendelea na safari zake. Sisi tunaifungua ile picha kwenye chumba cha kompyuta, kama bando lipo, na tunaangalia kama bahari imebadilika rangi. Maana humo baharini kuna mimea midogo mno, haionekani kwa macho, ndugu wa mbali wa mwani. Siku nyingi haina neno na mtu. Lakini maji yakipata joto na upepo ukitulia, huzaliana kama imeambiwa dunia inakwisha kesho, na aina nyingine zina sumu. Anayeingia kwenye maji hayo anawashwa, anavimba, macho yanaziba.

Na kabla hujaniuliza lile swali ambalo kila mtu huuliza: ndiyo, tunaifanyia hapahapa Korogwe. Najua bahari haionekani. Saning'o alipanda juu ya tanki la maji la shule kuhakikisha. Aliona mashamba ya mkonge, aliona milima, halafu akamwona mlinzi anakuja.

Sasa kwa nini mtu wa Mkata kama mimi, ambaye kwao ni mahindi na mihogo na mabasi kupiga honi, ahangaike na bahari? Kwa sababu ya Mama Mdogo Hadija. Ni mdogo wake mama yangu, kaolewa huko pwani, kusini kidogo ya Pangani, na analima mwani yeye na wenzake. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba wanazifunga kwenye vigingi ndani ya maji, wanasubiri ukue, wanavuna, wanakausha, wanauza. Kuvuna ni wakati wa bamvua tu, zile siku ambazo bahari inakupwa sana mpaka shamba linabaki kwenye maji ya magotini. Bamvua ikikupita, mwani uliokomaa unakatika wenyewe na bahari inaubeba.

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, Mama Mdogo alikuja kwetu Mkata mikono imevimba kama mikate. Kanga yake alikuwa anafungwa na mama, huku mama anamtania.

"Umekuwa bibi harusi, Hadija, mpaka uvishwe?"

"Nivishe dada, na zawadi utoe."

Walicheka wote wawili. Lakini mimi nilikuwa pembeni namwangalia anavyokunywa chai, kikombe amekibana katikati ya viganja kwa sababu vidole havikunji. Akasema hawakujua. Maji yalikuwa mazuri tu kwa macho, ukiwa ndani yake huoni kitu, mpaka jioni mwili ndipo unawaka. Niliporudi shule nikasikia Madam Kijazi anaanzisha klabu ya kuangalia bahari kutoka juu, nikanyoosha mkono. Mimi! Darasa zima liligeuka. Madam alidhani naomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kwa hiyo shikeni hili kabla ya yote. Katika kazi hii mnaweza kumuumiza Mama Mdogo kwa njia mbili. Ukinyamaza maji yakiwa mabaya, atavimba. Ukipiga kelele maji yakiwa mazuri, atakaa nyumbani bamvua nzima na mwani wake utaondoka na maji. Hakuna upande salama wa kukimbilia. Nimekwisha kuwatisha, sasa tufurahi.

Tuanze na rangi. Siku yangu ya kwanza niliandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Leo bahari ni ya kijani." Saning'o akanitazama kwa huruma. Kwao ni kule nyikani Handeni, kwao ni ng'ombe, na Kiswahili chake akitaka kukutania kinapanda juu.

"Kijani gani?"

"Kijani... cha kijani."

"Sikiliza, Kimya." Hilo ndilo jina wanaloniita. "Kwetu ukipoteza ng'ombe ukaenda boma la jirani ukauliza, jamani mmemwona ng'ombe mwekundu, watakucheka mpaka jua lizame. Mwekundu wa udongo? Mwekundu wa kutu? Madoa ameyaweka wapi? Mtu anayesema mwekundu tu, huyo ng'ombe siyo wake."

Basi tukakubaliana kwamba kila rangi ipewe jina la kitu tunachokijua wote, na kitu tunachokijua wote katika shule hii ni chakula. Ndiyo maana mkiangalia ukutani mnakuta bango linalofanana na la hotelini. Kijani cha mchicha ni maji ya kina kifupi, chini yake kuna majani. Chai ya maziwa ni tope. Na hilo tope, wadogo zangu, ni la kwetu! Mto huu unaopita chini ya daraja la hapa ndio huohuo unaoingia baharini Pangani. Mvua ikipiga Usambara, nenda darajani ukachungulie. Ukiukuta mto umekuwa chai ya maziwa, ujue siku chache zijazo bahari nayo itanyweshwa chai. Usipige simu. Hiyo siyo sumu, ni Korogwe imesafiri.

Halafu kuna mlenda. Mlenda ndio tunaouogopa. Unauona umevutika kambakamba juu ya maji, rangi iko kati ya kijani na kahawia, umepinda kama mtu kapitisha mwiko akaacha alama. Tope haliko hivyo. Majani hayako hivyo. Ukiona mlenda, mwite Madam.

Hapo pia nawaonya kuhusu kile kitufe cha kulia kwenye programu yetu. Ukikibonyeza, kompyuta inajipakia rangi zake yenyewe: palipo na kijani kingi inapaweka nyekundu, ili upaone upesi. Mimi sikujua. Nilibonyeza, bahari yote ikawa damu, nikapiga yowe ambalo shule hii ilikuwa haijawahi kulisikia kutoka kwangu. Watoto wa Kidato cha Tatu walitoka madarasani mbio. Mpishi alikuja na mwiko mkononi.

Sasa tufike kwenye Ugunduzi Mkubwa.

Tulikuwa tumeangalia picha muhula mzima, na tukaona jambo la ajabu. Kando ya pwani, karibu na kwa Mama Mdogo, kijani kinatokea, kinakuwa kikubwa, halafu kinapotea kabisa. Zikipita kama wiki mbili kinarudi. Kinapotea tena. Kinarudi tena! Nilichora grafu. Grafu ilipanda na kushuka vizuri mno, kama meno ya msumeno. Saning'o alisema hajawahi kuona ugonjwa wenye adabu namna hii. Madam Kijazi aliiangalia, akavua miwani, akaivaa, akasema, "Wanangu, hapa tuna kitu."

Mnisaidie kucheka. Madam kwao Lushoto. Saning'o nyikani. Mimi Mkata. Katika klabu nzima hakukuwa na hata mmoja aliyekulia karibu na bahari. Sisi tunayajua maji yanayoteremka. Maji yanayokwenda na kurudi hatuyajui.

Madam akatoa simu yake, akaweka sauti ya nje, akanisukumia. "Ongea wewe, shangazi yako huyo."

"Mama mdogo, Madam."

"Ndiyo huyohuyo. Ongea."

Nikasema shikamoo, Mama Mdogo akaitikia marahaba, nyuma yake kukawa na sauti za wanawake na kuku. Nikamwambia kwa sauti ya mbu kwamba tumeona kitu kibaya baharini kwao.

"Kiko wapi hicho kitu, mwanangu?"

"Mbele ya kijiji, Mama Mdogo. Ni cha kijani. Kina mistari. Mistari imenyooka sana, yaani inatisha."

Kikaja kicheko ambacho simu ya Madam ilishindwa kukibeba, ikawa inakwaruza.

"Jamani njooni msikie! Mtoto wa dada yangu kaliona shamba letu toka juu, anasema ni ugonjwa!"

"Wametuma chombo mbinguni kije kitutishe na mwani wetu wenyewe?" akadakia mwingine.

Na wa tatu, kwa mbali: "Mwambie akimwona na mume wangu humo aseme yuko wapi, toka jana hajarudi!"

Mama Mdogo alipopata pumzi alinieleza taratibu. Siku za bamvua, saa nne asubuhi bahari kwao imekwenda zake. Mashamba yako wazi, majani ya chini yako wazi, watoto wanaokota kombe. Siku za maji mafu, saa nne ileile bahari imekuja juu imefunika kila kitu. Na setilaiti yetu, kwa uaminifu wake wote, inapita saa nne. Kwa hiyo kwa muhula mzima tulikuwa tunapima kwa makini, kwa grafu na rula, kukupwa na kujaa kwa bahari, jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua kabla hajaota meno.

Tulicheka mpaka Madam akakaa chini. Grafu yangu bado ipo ukutani, msiitoe. Na pembeni yake mtaona jedwali la maji kupwa na kujaa, hilo ndilo tunda la Ugunduzi Mkubwa: kila picha, kabla hujasema neno, angalia kwanza bahari siku hiyo ilikuwa nyumbani au imetoka. Mambo ya karibu na pwani tafuta kwenye picha za maji mafu, chini kumefunikwa. Picha za bamvua angalia kule kwenye kina, usihangaike na mashamba ya watu.

Kutoka siku hiyo wanawake wa kule wakaniita Daktari wa Mchicha.

Ndipo ikaja Januari. Joto kama ndani ya tanuri, upepo hakuna, hata mapazia ya maabara yamekufa. Zilikuwa siku za maji mafu, bahari iko nyumbani. Nikafungua picha, mawingu yamejaa, lakini kwenye uwazi wa katikati nikaona kamba. Ndefu, zimepinda, rangi ile. Kaskazini ya kwa Mama Mdogo, mbali kidogo na pwani. Nikaangalia mtoni kwa maana ya kwenda mwenyewe mpaka darajani: mto mwembamba, hauna chai. Picha iliyofuata zile kamba zilikuwa zimeteremka kusini, karibu zaidi.

Saning'o aliinama mpaka pua ikagusa kioo. "Kimya," akasema, na safari hii hakutania. "Huyu siyo mchicha."

Jedwali ukutani likasema bamvua inaanza keshokutwa. Huko kwao walikuwa wanatayarisha magunia.

Madam akaniwekea simu mezani. Mama Mdogo hakuwa hewani, kwa hiyo ikabidi nirekodi ujumbe wa sauti. Nikarekodi, nikajisikiliza, nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta. Nilisikika kama mtoto anayeomba msamaha. Nani aache kuvuna kwa ajili ya sauti ile? Na ya nani? Ya Daktari wa Mchicha, aliyewatisha na shamba lao wenyewe. Nilianza kulia kidogo, naandika ukweli.

Saning'o akasema, "Mama yako anauzaje mihogo?"

"Unamaanisha nini?"

"Basi la Dar limesimama Mkata, dereva ana haraka, abiria wamelala. Mama yako anafanyaje?"

Mama yangu sauti yake inavunja vioo. Akisema mihogo ya moto, mtu wa kiti cha nyuma anaamka na kutafuta pochi. Mimi sikurithi hata robo. Lakini nilisimama juu ya kiti, nikafumba macho, nikabonyeza kitufe, nikaiita sauti ya mama.

"MAMA MDOGO EEE! MAJI MABAYA YANAKUJA HUKO! SIYO MCHICHA SAFARI HII! MSIINGIE KWANZA! CHOTENI KWENYE CHUPA NYEUPE, IWEKENI JUANI, ITULIE, MUANGALIE WENYEWE! YAKIWA SAFI NICHEKENI MPAKA NIMALIZE SHULE!"

Nikafungua macho. Madam kaziba masikio. Dirishani kuna vichwa. Ujumbe umekwenda.

Jibu lilikuja jioni. "Nilidhani ni dada," akasema Mama Mdogo, anacheka kidogo. "Haya. Tutachota."

Siku ya kwanza ya bamvua wanawake wote walifika pwani na magunia yao. Mama Mdogo alisimama mbele, akachota maji kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaiweka juu ya jiwe. Wengine walinung'unika, maji yalikuwa maangavu kabisa. Wakakaa. Baada ya kitambo, juu ya chupa kukapanda utando kama vumbi la mbao, na walipoifungua ikanuka majani yaliyooza. Alitutumia picha. Hakuna aliyeingia.

Mnadhani tulishangilia? Tulishangilia dakika moja. Kisha tukakumbuka ule upande wa pili. Bamvua inahesabu siku zake, mwani umekomaa, na wao wamekaa ufukweni wanatungoja sisi tuwaambie maji yamepita. Picha iliyofuata ilikuwa wingu tupu. Wingu moja, nene, jeupe, limekaa juu ya kijiji cha Mama Mdogo kama kuku juu ya mayai. Saning'o alilitukana kwa Kimaasai, Madam akalitukana kwa Kishambaa, mimi nikalitukana kimoyomoyo. Kila asubuhi walichota chupa, na kila asubuhi vumbi lilipanda.

Picha nyingine ikaja. Wingu limepasuka! Zile kamba za mlenda zilikuwa zimesukumwa nje, mbali, kwenye maji ya buluu ya kina, na nyuma yake kuko safi. Sikungoja mtu aniambie nipande kiti. Nilipanda.

"Mama Mdogo, yametoka nje! Chupa inasemaje?"

"Chupa leo safi, mwanangu. Tulikuwa tunakungoja wewe."

"INGIENI!"

Simu ikabaki wazi, tukawasikia wanakimbia, vicheko na maji yanaruka. Zilikuwa zimebaki siku chache za bamvua, wakavuna kama wanaokimbizwa. Kamba za mwisho bahari iliwahi, lakini nyingi walizipata. Wiki ile Mama Mdogo alituma picha moja bila maneno: amesimama mbele ya mwani uliotandazwa, anajifunga kanga mwenyewe, vidole vyembamba kama vya kwangu.

Likizo iliyofuata nilikwenda. Wadogo zangu, bahari ni kubwa kuliko skrini! Na inapiga kelele, hilo picha haikuniambia. Wanawake wakanizunguka.

"Haya Daktari, ukiwa huko Korogwe mimi unanionaje?"

Nikawaeleza kwamba kila nukta ya picha yetu ni pana kuliko nyumba, kwa hiyo mtu haonekani. Walikasirika sana.

"Muda wote huu kumbe hujatuona?"

Kesho yake ilikuwa siku ya setilaiti. Kabla ya saa nne walileta maturubai yao yote ya kuanikia mwani, yale ya buluu, wakayatandika mchangani moja kando ya jingine mpaka yakawa kama uwanja. Wengine walirudi nyumbani kubadili kanga. Mmoja akaniuliza inapiga kutoka upande gani, ajue ageuze uso wapi. Mimi nilijificha nyuma ya mnazi, kama kawaida yangu, mpaka Mama Mdogo akaja akanishika mkono kwa mkono wake ule, akanivuta mpaka katikati. Tukatazama juu. Hakuna kilichoonekana. Tukapunga tu, na mimi nikapiga kelele ya mihogo ya moto, wote wakaitikia.

Picha hiyo nimewaachia kwenye kompyuta ya dirishani. Ikuzeni kusini ya mdomo wa mto, mtaona juu ya mchanga nukta za buluu mahali pasipo na maji. Msije mkaandika ubaoni kwamba ni mlenda. Ni sisi. Mwenye sauti kubwa ni mimi.